Mwanangwa Aliyekata Tiketi

Kwetu Unyamwezi, wakati wa Mwingereza, mwenye cheo hakuondoka siku aliyoondoka. Tulikuwa tumeshamwondoa zamani, kwa midomo yetu, naye angali amekalia kiti chake. Ikivuja tu habari kwamba fulani anahamishwa, au anapumzishwa, au wakubwa wa boma wamemchoka, mtu mmoja alisema, "Huyo ameshakata tiketi," na wenzake wakaitikia, "Mm." Basi. Hata kama alikuwa na miezi mitatu ya kazi mbele yake, hakuwa na kazi tena.

Sijui nani alianza. Wengi husema ni watu wa Tabora mjini, waliokaa karibu na reli na kuwaona Wazungu wa boma wakija na kwenda kwa gari la moshi. Inasemekana Bwana Shauri mmoja, Mzungu wa boma aliyesikiliza mashauri ya watu, alimtuma mtumishi wake stesheni akamkatie tiketi wiki nzima kabla ya safari, na kabla mtumishi hajarudi nyumbani habari ilikuwa imeshazunguka soko lote. Kesho yake baraza la Bwana Shauri lilikuwa tupu. Wenye mashauri walikuwa wamekaa nje ukutani na barua zao na mashahidi wao, wanamsubiri atakayekuja. Bwana Shauri akatoka mlangoni akauliza kama leo hakuna mwenye neno. Wakamjibu kwa adabu zote, "Hapana bwana, tunapunga upepo." Akarudi ndani akafunga mlango.

Kutoka mjini neno likafuata reli, likafika Kigwa, likafika Igalula, likatufikia na sisi porini. Tukalitumia kwa kila mtu. Mwalimu wa misheni akiitwa kwingine, ameshakata tiketi, na watoto wanachelewa kipindi. Dresa wa zahanati akipata barua, ameshakata tiketi, na wagonjwa wanabaki nyumbani na vidonda vyao. Halikusemwa mbele ya mwenyewe hata siku moja. Mbele yake uliinua kidevu kidogo kuelekea upande wa reli, mwenzako akaelewa, mkaendelea kumwamkia shikamoo kama kawaida. Mimi nililipenda sana neno hilo. Nilikuwa na mdomo, na nasema wazi, nilikuwa hodari wa kulisema kuliko wanawake wote wa kambi yetu.

Na msituone wajinga. Neno lilikuwa na sababu yake. Jirani yetu mmoja aliwahi kuamuliwa mpaka wa shamba na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, aliyekuwa anamaliza muda. Aliyemfuata alipokalia kiti alianza shauri upya kama vile hakuna lililosemwa, na jirani yetu akapoteza nusu ya shamba lenye mihogo iliyokwisha komaa. Mambo ya namna hiyo tuliyaona. Kwa hiyo watu wakajifunza kusubiri, na kusubiri kukawa ndiyo akili. Aliyepeleka neno lake kwa mtu anayeondoka alichekwa, akaambiwa hajui dunia inavyokwenda.

Sasa niseme lililonipata, maana nimezunguka vya kutosha.

Tulikaa kambini kwa ajili ya malale. Zamani kila ukoo ulikuwa na mji wake porini, mbali na wenzake, lakini mbung'o walipozidi na watu wakaanza kufa wakisinzia, serikali ilituhamisha sote ikatuweka pamoja mahali pamoja palipofyekwa miti. Nyumba zetu za zamani zilichomwa. Kutoka kambini kwenda Igalula, kwenye gari la moshi, ulikuwa mwendo wa kutwa nzima, na katikati ya njia kulikuwa na kizuizi: gogo refu limelazwa barabarani, kibanda, na mlinzi mwenye wavu wa kukamatia mbung'o walioganda mgongoni mwako. Hupiti pale bila cheti. Karani ndiye aliyekiandika, mwanangwa ndiye aliyekigonga muhuri. Bila muhuri ule, hata ungekuwa unakufa, ungerudishwa.

Mwanangwa wetu alikuwa mzee mfupi, sikio moja halisikii, akizungumza nawe anaweka kiganja nyuma ya sikio zima na kuinama kidogo. Ndiye aliyetutoa kwenye miji yetu ya zamani akatuongoza mpaka kambini, na njiani alibeba watoto wa watu. Kusoma hakujua hata herufi moja. Muhuri aliuweka kwenye kifuko cha kitambaa shingoni, na hata kisimani alikwenda nao.

Siku moja Bwana Shauri akaja, akatukusanya, akasema kwa mdomo wa mkalimani kwamba boma sasa linataka wanangwa wanaojua kusoma na kuandika, kwa hiyo mzee atapumzika, na mwingine atakuja kutoka Tabora. Halafu akamgeukia mzee akasema, "Mpaka mwenzako afike, wewe ndiye mwanangwa. Muhuri unabaki kwako." Mkalimani alilitamka wazi. Sote tulisikia, na mimi nilikuwa nimekaa mbele. Kabla hatujainuka, mwanamke wa pembeni yangu akainua kidevu kuelekea reli, nami nikacheka.

Kuanzia asubuhi ile baraza la mzee likafa. Ilikuwa kiangazi kinaishia, watu wanafyeka na kuchoma mashamba kusubiri mvua. Kila mwaka tulitoa siku mbili za kulima shamba la mwanangwa, na ngoma, na pombe, na vicheko. Mwaka ule hakwenda mtu. Mzee na mkewe walionekana shambani peke yao, wawili tu, wameinama na majembe. Asubuhi alivaa kanzu yake nyeupe akakaa barazani, na karani akakaa kwenye kiti cha pili na wino wake, wakatazama barabara. Nilipita pale kila siku na mtungi kichwani.

"Shikamoo, mwanangwa."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu hamna neno?"

"Hamna neno."

Nikapita. Wakati mwingine nilipita nikicheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe, kama anasamehe mambo ya namna hii.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba yangu, mimi niliyeachika nikarudi kwake, na mdogo wangu wa kike. Mama alikuwa ameshafariki. Mdogo wangu alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuwa ameandikishwa manamba akaenda pwani kukata mkonge. Siku ya kuondoka shemeji alinishika mikono yote miwili mlangoni akaniambia, "Shemeji, nakuachia mwenzangu. Sina ndugu hapa, nina wewe." Nikamwambia aende salama, nikamtania kwamba akirudi atakuta mtoto anamwita mgeni.

Jumamosi moja tukamwita bibi mkunga amtazame, kwa kuwa mdogo wangu alilalamikia ubavu. Mkunga akampapasa tumbo kwa muda mrefu, akajaribu kumgeuza mtoto kwa mafuta, akapumzika, akajaribu tena. Mwishowe akanawa mikono akatutoa nje, mimi na baba.

"Mtoto amelala kama gogo lililoziba mlango," akasema. "Mimi huyu simuwezi. Mpelekeni hospitali Tabora kabla uchungu haujaanza. Mkisubiri uchungu mtakuwa mmechelewa."

"Tuna siku ngapi?" baba akauliza.

"Kumi. Pengine hazifiki."

Baba aliingia ndani akatoka amevaa kanzu. Kumpeleka mgonjwa kulihitaji machela na wanaume wanne wa kubeba, na kila mmoja wao alihitaji kuandikwa kwenye cheti, pamoja na mgonjwa na mimi wa kumuuguza. Baba akasema, "Nakwenda kwa mwanangwa."

Nilikuwa napepeta mtama. Nikasema bila hata kuinua macho, "Mwanangwa gani, baba? Huyo ameshakata tiketi."

"Muhuri anao."

"Muhuri wa mtu aliyekata tiketi ni kipande cha mti. Hukusikia yule kijana wa upande wa kisima? Alikuwa na cheti cha mzee, kimegongwa vizuri, na kizuizini wamemrudisha. Unataka mgonjwa abebwe nusu ya njia juani halafu arudishwe? Karani amesema mpya anafika Alhamisi. Leo Jumamosi. Tumsubiri msomi, atuandikie cheti ambacho hakuna wa kukikataa."

Nilisema hivyo, neno kwa neno. Na nilikuwa na kiburi kingine ambacho sikukisema. Nilisomeshwa misheni miaka mitatu, nilijua kusoma, na ndani yangu niliona haya watu wetu kutawaliwa na mzee asiyejua herufi. Nilitaka kumpelekea mtu mwenye kalamu neno letu, anione ninavyosoma cheti changu mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa amejilaza kwenye mkeka mlangoni. Akasema, "Dada, mimi naona baba aende tu."

"Wewe lala," nikamwambia.

Ndivyo nilivyomjibu. Akageukia ukuta. Baba akasimama pale uani na kanzu yake, ananitazama mimi, anatazama njia ya baraza. Alikuwa mtu wa kuheshimu elimu. Siku niliyosoma barua ya kwanza mbele yake alilia, na tangu siku ile jambo lolote lenye karatasi aliniachia mimi. Akaingia ndani akavua kanzu.

Alhamisi ikafika. Watu wakafagia njia, wanawake wakavaa vizuri, ngoma ikawekwa tayari. Hakuja mtu. Jioni karani akasema mwanangwa mpya amezuiwa Tabora anapokea maagizo, atakuja Jumatatu bila shaka. Nikasema siku nne si kitu. Mdogo wangu alianza kulala akiwa amekaa, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Kila asubuhi aliniuliza, "Dada, amefika?" Nami nikamjibu, "Bado, anakuja." Akarudi kushona kitambaa cha mtoto, ana haraka na sindano kama vile atachelewa mahali.

Jumamosi ya pili baba akavaa tena kanzu bila kuniambia. Nikamkuta anafunga kamba za viatu. Nikasimama mlangoni, mimi, mtoto wake wa kumzaa, nikamzibia baba yangu njia.

"Baba, unataka kutuaibisha? Watu wote wanamsubiri mpya, sisi tukajipeleke kwa mzee aliyekwisha? Watatucheka kambi nzima."

"Watucheke," akasema. "Binti yangu anaumwa."

"Kesho kutwa tu, baba. Kesho kutwa."

Alinitazama sana. Halafu akakaa kitandani, na viatu miguuni. Kama angenipiga kofi siku ile, jamani. Kama angenisukuma pembeni akapita. Nimelitamani kofi hilo maisha yangu yote.

Jumatatu hakuja mtu.

Jumanne alfajiri mdogo wangu akaniita. Mkeka ulikuwa umeloa, ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Sikuwahi kusema neno, baba alikuwa ameshatoka mbio, hana kanzu, hana viatu, mzee wa miaka yake anakimbia kama kijana. Nikamshika mdogo wangu kiuno nikasikia tumbo limekaza kama jiwe.

Sikumaliza kuchemsha maji. Mwanangwa aliingia uani kwetu anahema, kifuko kinarukaruka kifuani, karani nyuma yake na wino. Hakuuliza kwa nini leo, hakuuliza mlikuwa wapi. Akageuza kinu changu juu chini, akamwambia karani, "Andika hapa." Karani akaandika. Mzee akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kwa nguvu. Halafu akatoka akapita nyumba kwa nyumba akiita wanaume kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na wanaume walewale waliomwacha alime peke yake walitoka wakakimbia wakaja. Machela ikafungwa. Kazi yote ile, tangu kuandika mpaka kumbeba mgonjwa mabegani, ilichukua muda mfupi kuliko kusonga ugali. Nikakumbuka siku kumi.

Tulikwenda mbio. Wanaume walibadilishana mabega bila kusimama, mimi nikitembea pembeni nimeshika mkono wa mdogo wangu. Uchungu ulipokuja alinibana vidole mpaka nikahisi vitavunjika, nikafurahi kuumia. Alikuwa na akili zake timamu. Aliniuliza kama hospitali wanaruhusu dada kuingia ndani. Nikamwambia wanaruhusu.

Tukafika kizuizini. Mlinzi akatoka kibandani, akatazama machela, akachukua cheti mkononi mwangu. Hakukisoma. Alitazama ule muhuri kama mtu anavyotazama kama kuna jua, akainua gogo.

"Piteni," akasema.

Kabla ya kupita ilibidi atupige wavu, mmoja mmoja, kuondoa mbung'o. Aliponifikia mimi nikashindwa kujizuia. "Kaka, muhuri huu unakubalika?"

Akanishangaa. "Muhuri ni muhuri, dada. Kwa nini usikubalike?"

"Mwanangwa wetu anaondoka. Na kuna kijana wa kwetu mlimrudisha."

"Yule? Yule alikuwa na nyama ya pofu amefunga kwenye mzigo. Nyama ya porini ni marufuku kupita; hiyo ndiyo iliyorudishwa, na yeye akaifuata." Akacheka kidogo, akaona uso wangu, akaacha. "Hata jana kingeletwa cheti cha mzee, watu wangepita. Bahati mbaya tangu cha yule kijana sijaona hata kimoja. Nilidhani kambini kwenu wote wazima."

Nilisimama pale, gogo limeinuliwa, njia nyeupe mbele yangu. Mmoja wa wabebaji akanifokea, "Dada, twende!" Nikaenda. Lakini tangu pale nilikuwa nimeshajua, na sina haja ya kudanganya kwamba niliendelea kutumaini. Nilitembea tu kwa sababu wengine walikuwa wanatembea.

Jua lilipofika utosini uchungu ukabadilika. Alianza kutokwa damu, ikapita kwenye blanketi, ikadondoka njiani. Akasema anaona baridi, na jua lile lilikuwa linapasua mawe. Nikavua khanga ya juu nikamfunika.

"Dada, bado mbali?"

"Tumekaribia."

Hatukuwa tumekaribia. Reli ilikuwa mbali, hata mashamba ya Igalula tulikuwa hatujayaona. Akaniuliza tena baada ya muda, nikamjibu vilevile, na mara ya tatu aliposema "Dada" hakuendelea. Wanaume wakahisi mabegani kabla mimi sijaona, kwa sababu mtu akifa uzito wake hubadilika. Wakashusha machela chini ya mti taratibu, wakavua kofia, wakaenda kusimama mbali wakanipa mgongo. Mtoto alibaki humohumo ndani yake. Hakupata kutoka.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Halafu tukageuka tukarudi.

Tulimzika kesho yake. Mwanangwa alikuja na jembe lake mwenyewe, akachimba pamoja na vijana mpaka wakamnyang'anya jembe kwa kumhurumia. Baada ya maziko akanijia nilipokuwa nimekaa, akachuchumaa mbele yangu, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Mwanangu, mkunga ananiambia alisema tangu Jumamosi ile. Mbona hamkuja?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Tuliona tusikusumbue, mwanangwa."

"Kunisumbua?" akasema, na wala hakuwa na hasira, ndiyo iliyoniua. "Nilikuwa nimekaa tu. Ulikuwa unapita unaniona. Nilikuuliza kila siku."

Nikainamisha kichwa, akadhani ni machozi, akanipapasa bega akaondoka.

Mwanangwa mpya alifika Ijumaa. Alikuwa mtu mwema, msomi kweli, na jambo la kwanza alilofanya ni kutangaza kwamba yote aliyoyaamua mzee yatabaki kama yalivyo. Mzee alimkabidhi muhuri mbele ya watu, akaondoka na mkewe na mbuzi wao mmoja kwenda kwa mtoto wa dada yake njia ya Nzega. Aliyewasindikiza ni baba yangu peke yake. Mimi nilijifungia ndani.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na ujinga watu huusamehe. Lakini sikuishia hapo.

Shemeji alirudi baada ya mavuno. Habari alikuwa ameipata njiani, hakuja analia, alikuja amekauka. Aliweka sanduku lake uani, akakaa kwenye kinu, akaniuliza ilikuwaje. Alitaka kujua kwa nini tulimbeba siku ya uchungu wakati mkunga alikuwa ametuambia mapema. Baba alikuwa pale. Aliinua macho akanitazama, akangoja. Aliniachia mimi, kama alivyokuwa ananiachia kila jambo.

Nikasema, "Hakukuwa na mtu wa kutugongea muhuri. Mzee alikuwa ameshakata tiketi, hakujali tena mambo ya watu."

Lilitoka kinywani bila kukwama popote. Na shemeji aliniamini mara moja, kwa sababu kila mtu kambini aliyesikia hakushangaa. Nani angemtetea? Mwenyewe alikuwa ameondoka, na aliyeondoka unaweza kumbebesha chochote. Hata wale wanne waliobeba machela, walioona kwa macho yao mzee anakimbia nyumba kwa nyumba, hawakusema kitu. Labda waliona haya ya shamba lile alilolima peke yake. Baba akainuka akaenda kulisha kuku. Hakuwahi kunisahihisha mpaka anakufa, na hakuwahi tena kuniomba nimsomee barua.

Mwaka uliofuata shemeji alikwenda Nzega kutazama ng'ombe. Aliporudi aliniambia, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa mara ya kwanza tangu amerudi kutoka pwani.

"Shemeji, nimekutana na yule mzee. Njiani, anachunga mbuzi wa watu. Amenitambua, akaja mbio na mkono ameunyoosha, ati anipe pole. Ana uso gani yule! Nimemtemea mate, shemeji. Nimemtemea mate usoni, nikamwambia hayo ni ya mke wangu na ya mwanangu. Unajua alifanya nini? Aliweka kiganja nyuma ya sikio, kama hakusikia vizuri, akataka nirudie."

"Ukarudia?"

"Nikarudia."

Akakaa kwenye mkeka, akanawa mikono, akangoja. Nilikuwa na mwiko mkononi.

"Umefanya vizuri, shemeji," nikamwambia, nikampakulia ugali.